Farasi wa Tennessee: jinsi ya kununua, kuonyesha, kuzalisha na kuuza bila kuumiza miguu yake

Kila majira ya kuchipua yakifika, ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wanaoishi Nashville na miji ya kusini yake huniuliza maswali yale yale. "Nimeona farasi anatembea utadhani hagusi chini, mwenyewe anauza, nimchukue?" "Nianze na dume au jike?" "Mtoto wa kwanza nitamuuza lini?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika yote mahali pamoja, ili anayeanza aanzie hapa.

Ninaongelea aina moja tu ya farasi, Tennessee Walking Horse. Nyumbani kwake ni Tennessee ya kati, kaunti za Bedford na Marshall, katika miji ya Shelbyville, Wartrace na Lewisburg. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa Lewisburg mwaka 1935, na mashindano makubwa ya Shelbyville yanayoitwa Celebration yalianza mwaka 1939. Tena naongelea farasi wanaovaa viatu vya kawaida vya chuma au wasiovaa kabisa. Wale wanaofungwa marundo ya pedi chini ya kwato na minyororo juu yake simfundishi mtu. Sababu utaikuta hatua ya 2, na ukiisoma hiyo peke yake na kuacha zingine zote, bado utakuwa umejiokoa.

Unachotakiwa kujua kuhusu mwendo wake

Farasi wa kawaida akiongeza kasi huingia kwenye matiti: miguu miwili ya pembe zinazokabiliana inatua kwa pamoja, na mpandaji anarushwarushwa. Huyu wa Tennessee haendi hivyo. Kila mguu unatua peke yake, hesabu ya nne, polepole na hata kwa kasi. Aliyekulia Lamu akamwona punda mzuri akienda telki, mpandaji ametulia juu hatikisiki, ameshauelewa nusu. Mashindanoni kuna miendo mitatu. Wa kwanza ni flati woki, wenye hatua ndefu na tulivu. Wa pili ni raningi woki, hesabu ile ile ya nne kwa kasi zaidi, na ndio uliomjengea jina. Wa tatu ni kenta, yaani shoti ya taratibu.

Nadharia inaishia hapo.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Mahali pa kumweka: malisho yenye uzio imara usio wa seng'enge, kibanda cha kukimbilia mvua na jua, na maji safi yasiyokatika. Kama huna ardhi, kodi nafasi kwenye banda la mtu, lakini uandikiane naye mkataba.
- Daktari wa mifugo anayetibu farasi, awe ameshakubali kuja kwako. Wa mbwa na paka hatoshi.
- Fundi wa kwato atakayekuja kila baada ya wiki 6 hadi 8.
- Mtu anayejua farasi na asiye na faida yoyote katika manunuzi yako. Watoto wako wakiwa wa umri wa shule, anzia ofisi ya ugani ya kaunti uulizie klabu ya 4-H ya farasi, yaani klabu ya vijana wanaojifunza ufugaji. Wanafundisha vizuri, na mzazi anajifunza humo humo.
- Trela, au rafiki mwenye trela.
- Akiba ya pesa kando ya bei ya farasi. Bei ya kununua ni mlango tu. Nyasi, kwato, chanjo, meno na dharura ya usiku mmoja vitakula zaidi ya hapo kabla mwaka haujaisha.
- Kofia ngumu ya kupandia. Utawaona wazoefu wakipanda bila hiyo. Wewe ivae.

Hatua kwa hatua

1. Zoeza jicho lako kwanza, pesa ibaki nyumbani.
Nenda kwenye mashindano madogo ya kaunti, yale ya Ijumaa na Jumamosi jioni wakati wa kiangazi. Usikae jukwaani juu. Shuka usimame karibu na uzio, uangalie miguu tu. Farasi akipita kwenye udongo laini, soma alama zake: mguu wa nyuma unatakiwa utue mbele ya alama aliyoacha mguu wa mbele wa upande ule ule. Farasi mzuri hupitiliza kwa sentimita 15 hadi 45. Kisha angalia kichwa. Kinapaswa kushuka na kupanda kwa kila hatua, kwa kuitikia miguu ya nyuma, bila mpandaji kukivuta. Kichwa kilichokaza na miguu ya mbele inayorushwa juu kupita kiasi havionyeshi kipaji.

Mwisho fumba macho usikilize. Kwenye njia ngumu utasikia mapigo manne yaliyopishana sawasawa. Ukisikia mawili mawili, huyo anakwenda matiti, au anakwenda pesi, yaani miguu yote ya upande mmoja inatangulia pamoja. Yote mawili ni makosa kwa farasi huyu.

2. Kagua miguu kwa mkono wako mwenyewe.
Hapa sitaki uharakishe. Kuna ukatili unaofanyika kwa farasi hawa tangu miaka ya 1950. Watu hupaka dawa zinazounguza ngozi juu ya kwato, kama mafuta ya haradali au dizeli, kisha hufunga minyororo inayogonga mahali palipoungua. Wengine hukata kwato hadi kwenye nyama hai ndipo wanapiga kiatu. Kila mguu wa mbele ukigusa chini unauma, basi farasi anaunyanyua juu na kuegemea miguu ya nyuma, na watazamaji wanashangilia. Sheria ya Marekani ya Kulinda Farasi ya mwaka 1970, iliyoongezewa makali mwaka 1976, inakataza kumwonyesha, kumuuza, kumnadi au kumsafirisha kwa shughuli hizo farasi aliyeumizwa namna hiyo. Ukimnunua leo, kesho wewe ndiye muuzaji, na kosa ni lako.

Nenda asubuhi, bila kumpa mwenyewe nafasi ya kumtembeza kwanza. Farasi asimame kwenye saruji. Inua mguu wa mbele kama unayetaka kusafisha ukwato, uulaze kwenye kiganja cha mkono mmoja. Kwa mkono wa pili tumia nyama ya kidole gumba, si ncha wala kucha. Bonyeza sehemu laini ya nyuma, kati ya ukwato na kifundo, hadi kucha yako ibadilike kuwa nyeupe, kisha achia. Shuka kwenye bonde dogo lililo kati ya visigino viwili vya ukwato. Panda pembeni, zunguka hadi mbele, halafu fuata ukingo wa nywele pale ukwato unapoanzia. Fanya mguu wa kulia na wa kushoto.

Mkono ukifanya kazi, macho yaangalie farasi mzima. Je, anavuta mguu? Anakaza misuli ya tumbo? Anahamishia uzito nyuma? Rudia pale pale mara tatu. Akishtuka mara moja huenda ni nzi. Akishtuka kila unapobonyeza mahali hapo hapo, ni maumivu, hata mwenyewe akisema "huyu ana mtekenyo tu". Ogopa pia kinyume chake: farasi anayesimama kama mti, jicho limekodoka, hapepesi. Wapo wanaofundishwa kwa kipigo wasitikisike wakati wa ukaguzi, na wapo wanaopakwa dawa ya ganzi.

Sasa angalia ngozi yenyewe. Nyuma ya kiungo hicho, kati ya ukwato na kifundo, inapaswa kuwa laini, yenye nywele zilizolala. Ukikuta ngozi nene iliyojikunja matuta matuta, vipara, au nywele zilizojiviringa kwenye eneo hilo tu, funga mazungumzo uondoke. Wakaguzi wa mashindano wanatafuta vitu hivyo hivyo. Mwaka 2006 ubingwa mkuu wa Celebration haukutolewa kabisa, kwa sababu farasi wengi walikwama kwenye ukaguzi.

Kingine cha kuangalia ni jinsi anavyosimama akiwa peke yake bandani. Aliyeumizwa mara nyingi huiingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo ili kupunguzia ile ya mbele uzito, au hulala muda mrefu mchana.

3. Soma karatasi kabla ya kushikana mikono.
Tangu mwaka 1947 daftari la usajili limefungwa: mtoto hasajiliwi mpaka baba na mama wawe wamesajiliwa, na siku hizi uzazi huthibitishwa kwa DNA ya mizizi ya nywele. Linganisha rangi na alama za uso na miguu zilizoandikwa kwenye cheti na farasi aliye mbele yako. Jina la mmiliki kwenye cheti liwe la huyu anayekuuzia. "Karatasi zinakuja" maana yake umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dai pia kipimo cha Coggins cha ndani ya miezi 12. Hicho hupima ugonjwa wa virusi unaomaliza damu ya farasi, unaosambazwa na nzi wanaouma, na ambao hauna chanjo wala tiba. Hutaruhusiwa kuingia mashindanoni, mnadani wala jimbo lingine bila karatasi hiyo.

Mwisho lipa daktari wako, si wa muuzaji, amchunguze. Kama muuzaji anakataa, ameshakujibu.

4. Farasi wako wa kwanza awe mtu mzima aliyefundishwa.
Dume usimguse. Ana nguvu, anahitaji uzio wake na mkono uliozoea, na madume yanayostahili kuzalisha ni machache mno. Mtoto wa mwaka mmoja wa bei rahisi naye hakufai: wewe hujui na yeye hajui, mtaumizana. Tafuta maksai au jike wa miaka 8 hadi 14, anayepandwa kila wiki, mwenye mwendo safi akiwa na kiatu chepesi. Ukiwa na nia ya kuzalisha baadaye, chukua jike, lakini mchague kwa mwendo na tabia kana kwamba hatazaa kamwe.

Usishtushwe na kipimo cha vinasaba vya mwendo. Mwaka 2012 watafiti walitangaza badiliko katika jeni iitwayo DMRT3 linalowezesha miendo ya namna hii. Karibu farasi wote wa Tennessee wanalo kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo halitenganishi bora na wa kawaida. Anayekupandishia bei kwa cheti hicho anakuuzia kitu ambacho jirani yake pia anacho.

5. Matunzo ya kila siku.
Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku kama hana malisho, chumvi, na maji lita 20 hadi 40, zaidi kwenye joto la Julai. Nafaka si lazima, na ikizidi inaleta msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato. Chanjo za msingi ni pepopunda, kichaa cha mbwa, homa ya ubongo ya farasi na virusi vya West Nile. Meno yaangaliwe kila mwaka. Dawa ya minyoo itolewe baada ya kupima kinyesi, si kwa kubahatisha.

6. Mfundishe taratibu kwa miezi kadhaa.
Kazi kubwa ni flati woki. Mpande dakika 30 hadi 45, siku nne au tano kwa wiki, kwenye ardhi imara, ukimtaka hatua ndefu bila kuongeza kasi. Hesabu moja hadi nne kwa sauti. Hesabu ikivurugika, punguza mwendo hadi irudi, ndipo uombe tena. Raningi woki hutoka ndani ya flati woki iliyokomaa. Ukikimbilia kasi unapata pesi.

Kosa la kawaida ni mkono mzito. Mtu anashika lijamu lenye mikono mirefu na kuvuta muda wote akidhani ndivyo kichwa kinavyoinuka. Kichwa kilichofungwa hakiwezi kuitikia, na mgongo ukikaza hatua inafupika. Legeza vidole.

7. Nenda kwenye mashindano yako ya kwanza.
Chagua ya klabu ya kaunti, daraja la viatu vyepesi, na kama lipo, la wapandaji wanaoanza. Kuna waandaaji wanaofuata taratibu za Friends of Sound Horses, jumuiya inayosimamia mashindano ya farasi wasioumizwa. Hayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Soma kanuni za viatu za mwaka huo kabla ya kumwita fundi, kwa sababu unene na uzito unaoruhusiwa hutofautiana kati ya daraja na daraja.

Fika mapema, muda wa saa mbili kabla ya mashindano kuanza. Jiandikishe, onyesha Coggins, chukua namba. Mtembeze bila kumchosha. Uwanjani wataingia kwa kuzunguka mkono wa kushoto, mtangazaji ataita flati woki, raningi woki, na kenta kama daraja ni la miendo mitatu, kisha mtageuza na kurudia yote. Jitafutie nafasi yako, usimfuate mtu mkia. Jaji anakuona sekunde chache kila mzunguko, basi pita mbele yake ukiwa kwenye mwendo ulionyooka, hata kama ni wa polepole kuliko wenzako. Mkipangwa katikati mwishoni, mwache farasi asimame kwa raha, usimpige piga.

Usipopata utepe, mwulize jaji kwa adabu baada ya mashindano kumalizika, si katikati. Wengi wao hujibu vizuri.

8. Jiulize kama kweli unataka kuzalisha.
Nasema hili kwa uchungu. Watoto wasio na soko huishia minada ya bei ya chini, na huko wapo wanunuzi wanaowasafirisha kwenda machinjioni Mexico na Kanada. Zalisha pale tu ambapo jike wako ana mwendo uliothibitishwa uwanjani au njiani, miguu mizima, tabia tulivu, na wewe unaweza kumlea mtoto miaka mitatu bila kupata hata senti. Jike aliyeumia hadi hafai kupandwa haandikwi kuwa mzazi kwa sababu hiyo tu.

9. Chagua dume na upandishe kwa kalenda.
Mwangalie dume akipandwa, si kwenye picha. Waangalie watoto wake. Chagua anayerekebisha upungufu wa jike wako: jike anayeelekea pesi apewe dume mwenye mapigo manne yaliyonyooka. Chama kinaruhusu uhimilishaji kwa shahawa zilizosafirishwa, kwa hiyo huna haja ya kumbeba jike hadi kwa dume. Kwenye mkataba tafuta sharti la mtoto hai: mtoto asiposimama na kunyonya, unarudia bila kulipa ada tena.

Mimba huchukua takriban siku 340. Mzunguko wa jike ni siku 21, na joto lenyewe, yaani siku anazokubali dume, ni tano hadi saba. Umri wa farasi mashindanoni huhesabiwa kuanzia Januari 1, kwa hiyo mtoto anayezaliwa siku ya mwisho ya Desemba "anatimiza mwaka" kesho yake na atashindana na wakubwa zake maisha yote. Usipandishe kabla ya katikati ya Februari.

Siku ya 14 hadi 16 baada ya yai la jike kupevuka, daktari apige picha ya ultrasaundi. Hapo anatafuta pacha. Jike wa farasi hawezi kubeba pacha kwa usalama, na ni katika siku hizo chache ndipo daktari anaweza kuondoa mmoja kirahisi. Wengi huruka kipimo hiki ili kuokoa pesa.

Chanjo ya homa ya kutupa mimba hutolewa mimba ikiwa ya mwezi wa 5, wa 7 na wa 9.

10. Mtoe kwenye feskyu.
Mtu aliyefuga sehemu nyingine hataijua hatari hii. Malisho mengi ya Tennessee ni nyasi ndefu ya feskyu, na ndani ya nyasi hiyo huishi kuvu asiyeonekana kwa macho. Ng'ombe anahimili kiasi. Jike wa farasi anayekaribia kuzaa, hapana: mimba inapitiliza siku zake, kondo la nyuma linakuwa nene kama ngozi ya kiatu, na kiwele hakitoi maziwa. Mtoe kwenye feskyu angalau siku 60 kabla ya tarehe, bora 90, na uhakikishe nyasi kavu unayonunua si feskyu pia. Kama umechelewa, mpigie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna dawa iitwayo domperidone anayoweza kumpa.

11. Usiku wa kuzaa.
Andaa chumba cha mita 4 kwa 4 au zaidi chenye majani makavu mengi. Chuchu zikiwa na matone yaliyoganda kama nta, lala karibu. Majike wengi huzaa usiku.

Maji yakishapasuka, mtoto hutoka ndani ya dakika 20 hadi 30. Unachotaka kuona ni mfuko mweupe, mguu mmoja wa mbele, wa pili nyuma yake kidogo, halafu pua. Ukiona kitu chekundu kama kitambaa cha mahameli kinatangulia, usingoje mtu yeyote. Kondo limeachia mapema na mtoto hapati hewa. Lipasue kwa mkasi palepale, mtoe mtoto, huku mwenzako anampigia daktari. Feskyu huongeza hatari ya jambo hili.

Baada ya hapo shika saa: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo lote litoke ndani ya saa 3. Chovya kitovu kwenye dawa ya kuua vijidudu. Dang'a ndiyo kinga yake yote, kwa sababu hakuzaliwa na kinga. Daktari apime damu ya mtoto kabla ya saa 24 kuona kama kinga imeingia.

12. Lea na sajili.
Mzoeshe mtoto kamba ya kichwa, kuinuliwa miguu na kuingia kwenye trela tangu mapema. Mwachishe ziwa kati ya miezi minne na sita. Tuma nywele za DNA na fomu za usajili mwaka huo huo, maana ukichelewa ada hupanda. Utaona farasi wa miaka miwili wakipandwa na kushindanishwa. Mimi siwezi kukushauri hivyo. Mifupa bado inakua. Mngoje atimize mitatu.

13. Muuze kwa uwazi.
Piga video kutoka ubavuni, kwenye njia iliyonyooka na ngumu, kwato zote nne zionekane, bila muziki, ili mnunuzi asikie mapigo. Weka picha ya karibu ya miguu ya mbele na ya nyuma ya kiungo. Wauzaji wengi hawafanyi hivyo. Ukifanya wewe, mnunuzi makini atakuona.

Andika kasoro unazozijua. Mwache mnunuzi alete daktari wake. Mkataba uwe na jina la farasi, namba ya usajili, bei, na kama kuna dalali, kamisheni yake iandikwe humo humo ili asile pande mbili kimyakimya. Ukisaini uhamisho wa cheti, piga nakala. Watu wakija kumjaribu kwako, hakikisha umebandika bango la onyo linalotakiwa na sheria ya Tennessee kuhusu hatari za shughuli za farasi.

Jihadhari na mnunuzi asiyetaka kumwona farasi, anayetuma hundi yenye pesa kuliko bei na kukuomba umlipe "mwenye trela" kwa ile ziada. Hundi hiyo itakataliwa benki baada ya wiki, na pesa uliyotuma imekwenda. Farasi asitoke uwanjani kwako mpaka benki ithibitishe malipo.

Mambo yakikwama

*Anakwenda pesi.* Mara nyingi mgongo umekaza. Angalia kama tandiko linambana mabegani, kisha mpitishe polepole juu ya magogo madogo yaliyolazwa chini, na mpande kwenye ardhi laini. Kasi ipungue wiki mbili tatu.

*Anaangukia matiti.* Ondoa magogo. Rudi kwenye flati woki ya polepole, mwombe hatua moja ya ziada kwa wakati, na usimwache ajirefushe bila mpangilio.

*Mwendo ulikuwa mzuri, umeharibika ghafla.* Usianze na mafunzo. Anza na fundi wa kwato na daktari. Kiatu kilicholegea, jipu ndani ya ukwato au jino bovu hujitokeza kwanza kwenye hesabu ya miguu.

*Mkaguzi amemkataa na wewe hujamfanyia kitu.* Usibishane getini. Omba nakala ya maandishi yenye mahali palipoonekana tatizo, mpeleke kwa daktari siku hiyo au kesho yake, mpige picha. Mara nyingine ni ukurutu wa matope au jeraha la uzio. Kama ni makovu ya zamani aliyokuja nayo, huyo ni wa kupandwa njiani, si wa mashindano, na akiuzwa mnunuzi aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

*Jike harudi kwenye joto wala hana mimba.* Kama ni Januari, siku bado ni fupi. Taa ya kumpa jumla ya saa 16 za mwanga kwa siku kuanzia mwanzoni mwa Desemba huamsha mzunguko mapema. Kama ni Mei, mwite daktari achunguze kizazi.

*Hauziki.* Mpande hadharani. Farasi anayeonekana kila wiki kwenye njia za bustani za jimbo, anayepita baiskeli na mbwa bila kushtuka, hupata mnunuzi haraka kuliko mwenye tepe anayekaa bandani. Ikishindikana, mkodishe kwa mwanafunzi wa 4-H kwa msimu mmoja, kwa mkataba wa maandishi unaosema nani analipa daktari.